Chuma cha Kukandamizia Kabichi

Septemba 6, 1969

Daftari hili nililinunua niandike mapishi ya Bibi Glafira, lakini mwenyewe hataki. Anasema pishi la kuandikwa ni la mtu asiyejua kupika. Basi nitaandika siku. Mambo ya kazi hatuandiki, sote tulitia saini ya kutunza siri siku tuliyoingia katika Mji huu wa ndani ya uzio, kwa hiyo nitaandika viazi na kabichi tu. Nani atanilaumu kwa kabichi?

Kesho alfajiri idara yetu ya upimaji na watu wa karakana tunakwenda shamba la ushirika kuvuna viazi, kama kila Septemba. Maprofesa nao wanakwenda, na mabuti yao mapya.

Kabla ya kutoka kazini nilimtimizia Bibi Glafira ahadi niliyompa. Tunaishi nyumba moja, vyumba vitatu na jiko moja. Yeye chumba cha dirisha kubwa, mimi cha katikati, fundi Farid Gataullin na mkewe Nuriya cha mwisho. Bibi ndiye anayetuchachushia kabichi sote, pipa zima, tunakula mpaka Aprili. Jiwe lake la kukandamizia, alilokuja nalo kutoka kijijini kwao, lilipasuka kwa baridi mwaka jana, na tangu hapo ni wimbo mmoja tu: "Rimma, binti yangu, huko kwenu kuna vyuma vya kila namna. Niletee kimoja kizito, kisafi, kisichoshika kutu."

Leo nilikiona kwenye kona ya karakana. Ni duara la chuma linalong'aa, unene wa vidole vitatu, kilo sita hivi, limewekwa kando halina mwenyewe. Nikaweka kipimo cha mionzi juu yake pale pale. Mshale ulibaki ulipokuwa. Nje orodha ya viazi ilikuwa inasomwa na jina langu lilishaitwa mara mbili. Nikakitia chuma kwenye kopo langu kubwa la kubebea maziwa ya mgawo wa kazini, nikafunika kwa taulo. Tunapotoka, sisi tunapita kwenye fremu ya kengele inayopima mionzi, mikono na miguu. Kopo linapita mezani kwa mlinzi, na mlinzi hakagui maziwa.

Hapa kila mtu ana kitu cha kazini nyumbani kwake. Farid ana spana. Mkuu wangu, Venyamin Lvovich, ana vigae vya karakana bafuni kwake.

Septemba 8

Mvua. Viazi.

Septemba 11

Mvua tena. Farid anachimba mbele yangu na mdomo wake haupumziki. "Dada Rimma, kipime kiazi hiki, kina sura ya Venyamin Lvovich." Kweli kilikuwa nayo. Tulicheka mpaka msimamizi wa shamba akatukemea, akatuita wasomi wa bure.

Septemba 15

Mgongo.

Septemba 21

Tumerudi. Kila mtu na gunia lake. Bibi Glafira amekiweka chuma dirishani kama saa ya ukutani, anakifuta kwa kitambaa kila akipita.

Oktoba 4

Leo ndiyo siku yenyewe. Bibi hachachushi mpaka mwezi uwe unakua, na hataki mtu mwenye kinyongo aguse kabichi, anasema itakuwa laini kama sabuni. Akatukalisha jikoni asubuhi, mimi na Nuriya na visu, akatukagua nyuso.

"Rimma, una kinyongo na mtu?"

"Na kitunguu tu, bibi."

"Nuriya?"

Nuriya akaona haya, akajishika tumbo. Ndivyo tulivyojua. Mwezi wa tatu. Bibi Glafira alimpiga busu kichwani na mikono yake ya chumvi, kisha akamwita Farid aingie. Akamwambia kwamba kuanzia leo yeye ndiye atakayebeba kila kitu katika nyumba hii, pamoja na mkewe.

Tulikata vichwa arobaini. Karoti, chumvi, kabichi, na Bibi akisindilia kwa ngumi kila tabaka mpaka maji yakapanda. Juu akaweka kifuniko cha mbao, na juu yake chuma changu. Kilikaa kama kilichongwa kwa ajili ya pipa hilo. Pipa likawekwa kwenye kona ya joto, karibu na bomba.

"Mungu akupe mume mwingine, binti yangu," Bibi aliniambia. "Kwa chuma hiki tu umeshastahili posa."

Nilifurahi sana, na ninaandika hapa kwamba nilifurahi.

Oktoba 7

Kila asubuhi Farid anakunja mikono ya shati, ananyanyua chuma, anatoboa kabichi kwa fimbo mpaka chini ili hewa itoke. Jiko lote linanuka. Nuriya anasema ndiyo harufu pekee isiyomtapisha.

Oktoba 14

Tumeonja. Inalia mdomoni. Bibi Glafira alituangalia tu tukitafuna, na hiyo kwake ndiyo sherehe. Kesho Farid atalipeleka pipa kwenye shimo letu la akiba, kule mlimani nyuma ya nyumba, lisiendelee kuchacha.

Oktoba 20

Theluji kidogo, ikayeyuka. Nuriya anakula kabichi asubuhi, mchana na jioni. "Si mimi, dada," anasema, "ni huyu." Anaelekeza tumboni.

Oktoba 28

Leo nimefanya jambo baya kuliko yote niliyopata kufanya.

Asubuhi Farid aliingia kazini pamoja nasi. Kabla hajashika chombo hata kimoja akakumbuka amesahau miwani yake nyumbani, akageuka kutoka. Akaweka mikono kwenye fremu. Kengele zikalia. Mlinzi akacheka, akamwambia ajaribu tena. Zikalia tena. Hakuna aliyecheka mara ya pili, maana hata mlinzi anajua kwamba mtu huchafuka kwa mionzi ndani, ananawa, anatoka msafi. Mtu anayeingia akiwa mchafu ameuleta uchafu kutoka nyumbani kwake. Mikono yake yote miwili ilikuwa michafu, na mkono wa kulia wa fulana mpaka kwenye kiwiko.

Saa nne walinipa kipimo nikapime chumba chake. Nyumba ni yangu mwenyewe, lakini mpimaji wa zamu nilikuwa mimi. Tulikwenda na Venyamin Lvovich na afisa mmoja wa usalama asiyetaja jina. Nuriya alisimama kwenye ujia, amejifunga shali. Bibi Glafira alitoka na viatu vya ndani akawauliza kama wamefuta miguu. Chumbani hakukuwa na kitu. Ila fulana nyingine mbili, mikono yake ilikuwa michafu. Chini ya kitanda wakakuta spana. Niliipima, safi kabisa, lakini afisa alikwisha kuifunga kwenye karatasi.

"Ya kazini?" akauliza.

"Ya kazini," alisema Farid. "Mfereji ulikuwa unavuja. Nitaurekebisha kwa meno?"

"Na jikoni?" akasema Venyamin Lvovich. "Rimma Arkadyevna, pitia jikoni."

Niliingia peke yangu. Nilipitisha kipimo mezani, dirishani, kwenye jiko. Nikafika kwenye kona ya bomba, pipa lilipokaa siku kumi na moja, na mshale ukaruka mpaka mwisho, ukagonga ukuta wake. Nikabadilisha kiwango, ukaruka tena. Nikakipeleka kipimo kwenye mwiko wa mbao wa Bibi, ule wa kuchotea. Ukaruka.

Nilijua papo hapo. Karakanani mionzi iko kila mahali, sakafuni, kwenye mabomba, mshale unakuwa umeshapanda kabla hujagusa kitu. Kupima chuma humo ndani ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona sokoni. Ndiyo kanuni ya kwanza, ninayowafundisha wasichana wapya kila mwaka: toa kitu nje, kipeleke mahali safi, ndipo upime. Miaka kumi na mbili ninaisema. Siku ile mshale ulibaki ulipokuwa, nami nikaona imetosha kwa sababu ya orodha ya viazi. Kisha tukakitia chuma kwenye chumvi na uchachu, vitu tunavyotumia karakanani kung'olea uchafu kwenye vyuma. Kikatoa kilichokuwa nacho, kabichi ikanywa. Farid amekuwa akitia mikono humo kila asubuhi, na asubuhi ya leo alishuka shimoni kumchotea mkewe.

Nuriya amekula wiki mbili.

Nilizima kipimo. Nilisikia sauti yangu ikisema: "Jikoni ni safi."

Farid alinitazama kwa shukrani. "Mmesikia? Dada Rimma haongopi."

Oktoba 29

Niliamka kabla ya wote nikaenda shimoni na jembe. Chuma nimekizika nyuma, chini ya mti, na kabichi yote nimeimwaga kwenye shimo nililochimba mbali na kijito, nikafukia. Pipa nimelivunja kwa shoka. Kisha nikarudi nikamwambia Bibi Glafira kwamba niliteleza kwenye ngazi, pipa likaporomoka, kila kitu kikamwagika kwenye tope.

Alinishika mashavu. "Umeumia?"

"Hapana, bibi."

"Basi maji yakimwagika hayazoleki. Kabichi ni majani tu. Mguu je? Nionyeshe mguu."

Akanikanda mguu usio na kitu kwa mafuta ya moto, nusu saa. Nilimwacha anikande. Sijapata kujichukia namna hii.

Oktoba 30

Nimeufuta ukuta na sakafu ya ile kona ya bomba kwa soda mara nne. Mwiko nimeuchoma. Bibi anautafuta.

Novemba 1

Farid amesimamishwa kazi. Tarehe 20 kuna kamati. Mtu aliyetoa kitu kichafu nje ya uzio huondolewa Mjini na familia yake, kibali kinafutwa, ndani ya siku tatu. Wana hakika kuna kitu alikitoa, spana inawathibitishia, wanataka kujua kiko wapi. Naye hajui.

Novemba 2

Sikusema.

Novemba 3

Theluji ya kweli. Sikusema.

Novemba 5

Farid alinikuta jikoni. Amekonda, na utani wake sasa una kutu.

"Dada Rimma, wewe ndiye mwenye hesabu hizi. Nimefua, nimeoga, nimekata mpaka kucha. Imetoka wapi?"

"Sijui, Farid."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaitazama mikono ya shati lake. "Mimi nadhani karakanani kuna mtu ananichukia, ananipaka."

"Nani akuchukie wewe?"

"Ndiyo, nani? Hata wewe niliyekuita mpima viazi hunichukii."

Nikamwambia aende zahanati akapimwe mwili mzima, yeye na Nuriya. Akasema Nuriya aende kwa nini, Nuriya hafanyi kazi kiwandani. Kumjibu hilo kungetoa na mengine yote. Nikaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Novemba 7

Sikukuu. Gwaride lilipita na bendera zote na muziki. Bibi Glafira aliandaa meza, viazi vyetu, samaki wa chumvi, mkate. Hakuna kabichi, na majirani wa ngazi nzima walikuja kuulizia, maana kila mwaka wanakuja na bakuli zao. "Rimma ameila yote peke yake," Bibi akawatania, wakacheka. Farid na Nuriya hawakufungua mlango.

Baadaye, kwenye hafla ya kazini, Venyamin Lvovich aliinua glasi kwa ajili ya idara ya upimaji, macho ya Mji. Nilikunywa.

Novemba 10

Nimejiambia maneno mengi, na niyaandike hapa nione yanavyofanana. Kwamba Farid ni fundi hodari, atapata kazi popote. Kwamba nikisema nitafukuzwa mimi, na mimi sina mtu nje ya uzio huu. Kwamba kabichi imeshafukiwa, kilichokwisha kuliwa kimeliwa, na kusema hakutakitoa tumboni mwa mtu. Hili la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo la uongo zaidi, maana daktari asiyejua atafute nini hatatafuta.

Mganga hajigangi. Mimi hata kujipima sijajipima.

Novemba 12

Baridi, kumi na nane chini ya sifuri. Nuriya ameanza kufunga vyombo.

Novemba 13

Sikusema.

Novemba 15

Leo Jumamosi nilirudi mapema. Jikoni Nuriya alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bibi, miguu juu ya kigoda, mtungi wa kioo mapajani, anakula kwa vidole. Kabichi na karoti. Bibi Glafira amesimama juu yake anatabasamu kama aliyeiba.

"Usitusemee," Bibi akaniambia. "Nilitoa mitungi mitatu siku ile tulipoonja, kabla ya pipa kwenda shimoni. Nikaificha nje ya dirisha langu, iwe ya Krismasi. Lakini mtoto huyu analia siku nzima, anafunga vyombo na kulia, na mwenye mimba akitamani asipate, mwana huzaliwa na alama. Huu ndio wa mwisho."

Wa mwisho. Miwili ilishaliwa, wakati mimi nahesabu siku zangu za kunyamaza nikidhani kwamba sasa namuumiza Farid peke yake.

Niliukamata mtungi. Nuriya aliushikilia, akidhani natania, akasema, "Dada, nitakuachia kidogo!" Nikauvuta mpaka ukanitoka, ukapasuka sakafuni.

"Mna nini nyie?" Farid alitoka chumbani.

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama kwenye vigae vya kioo na maji ya kabichi, yote, tangu kona ya karakana mpaka jembe. Nilisema "jikoni ni safi" kama nilivyolisema siku ile. Nuriya alikuwa anaviangalia vidole vyake, amevitanua mbali na mwili.

Farid hakupiga kelele. Heri angepiga. Alichukua beseni, akapiga magoti mbele ya mkewe, akaanza kumwosha mikono, kidole kimoja kimoja, kwa sabuni, tena na tena. Bila kugeuka akaniuliza, "Wiki mbili na siku nne ulikuwa unanijibu 'sijui'?"

"Ndiyo."

"Na asubuhi unaniamkia."

"Ndiyo, Farid."

Bibi Glafira aliketi chini. "Nilidhani imekushinda ladha," akasema. "Ulikuwa hutaki hata kuitaja kabichi yangu. Nikasema nimezeeka, nimezidisha chumvi. Nikawa naionja kila usiku nione nimekosea wapi."

Hilo ndilo neno lililoniangusha. Nililia, na hakuna aliyeninyamazisha, na ilikuwa haki.

Farid amewapeleka Nuriya na Bibi hospitali kwa gari la wagonjwa. Mimi ndiye niliyepiga simu, nikamtajia daktari atafute nini.

Novemba 17

Jana nilikwenda mlimani na shoka na ndoo ya maji ya moto, kukifukua chuma. Ardhi imeganda, ilinichukua mchana mzima. La kuvunda halina ubani, na mimi niliona udongo utatosha.

Leo asubuhi, zamu ya kwanza, watu wote wakiwa wanaingia, sikwenda lango la kuingilia. Nilikwenda kwenye fremu ya kutokea, kwa upande wake wa nje, na kopo langu la maziwa.

"Mama, umekosea mlango," mlinzi akasema. "Huku ni kutoka."

"Sijakosea."

Nikakitoa chuma kwenye taulo, nikakiweka pale panapowekwa mikono. Kengele zililia ukumbi mzima. Watu walisimama, kofia zao na theluji mabegani, wasichana niliowafundisha miongoni mwao. Venyamin Lvovich alikuja mbio na shati halijafungwa kola.

"Rimma Arkadyevna! Toa hicho kitu! Cha nani hicho?"

"Changu," nikasema. "Andika. Gataullin hakutoa kitu. Nimetoa mimi, Septemba 6, na jikoni hapakuwa pasafi."

Akaninong'oneza tungeyazungumza ofisini, taratibu, kwamba kuna njia. Nikamwambia asubiri kwanza aandike. Kengele hazikuzimwa mpaka alipoandika.

Novemba 20

Kamati ilikaa kwa ajili yangu badala ya Farid. Amerudishiwa kibali, spana wamebaki nayo. Mimi nimeondolewa upimaji. Mpaka waamue kama nitabaki Mjini, ninasugua sakafu ya bwalo la chakula.

Novemba 26

Sakafu.

Desemba 6

Wamerudi kutoka hospitali. Bibi Glafira wamemwambia kwa umri wake atakufa kwa kitu kingine kwanza, naye amekasirika, anasema hakwenda kule kutukanwa. Kuhusu Nuriya wanasema tungoje. Mtoto anacheza tumboni. Tungoje nini, hawasemi, na mimi niliyesomea mambo haya sijui zaidi yao. Nitaishi na kutojua huko, nao Nuriya na Farid wataishi nako, na wao hawakukiomba chuma.

Farid ananipita kwenye ujia kama anavyopita kabati.

Jioni Bibi aliniita jikoni. Jirani wa ghorofa ya tatu amempa kabichi bakuli moja, ya pipa lake mwenyewe, lenye jiwe. Bibi alikuwa ameweka sahani moja mezani na uma mmoja.

"Kaa. Onja."

"Mimi, bibi?"

"Wewe kwanza. Kitakachoingia nyumba hii, kabichi, samaki, hata chumvi, utakula wewe kwanza mbele yetu. Mpaka mtoto azaliwe, au mpaka wakufukuze."

Nikala. Ilikuwa chachu, nzuri, na baridi bado. Nuriya alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo, ananitazama ninavyotafuna. Alingoja mpaka nikameza. Kisha akarudi chumbani kwake bila kula.